Barua ya wazi kwa viongozi wa elimu Mkoa wa Tanga: ubaguzi shuleni uanze kuandikwa

Kwa: Afisa Elimu Mkoa wa Tanga, Wakurugenzi wa Halmashauri zote 11, Maafisa Elimu wa Awali, Msingi na Sekondari, Wathibiti Ubora wa Shule, Wenyeviti wa Kamati na Bodi za Shule

YAH: UBAGUZI WA RANGI, KABILA NA ASILI KATIKA SHULE ZETU

Waheshimiwa,

Fungueni daftari la nidhamu la shule, kisha someni kurasa za muhula mmoja. Mtakuta utoro, wizi, ugomvi, uchelewaji, sare chafu. Ubaguzi hamtaukuta, kwa sababu hauna safu. Mtoto anaitwa "manamba", jina la vibarua wa mashamba ya mkonge, bombani, anaitwa hivyo njiani, anaitwa hivyo darasani mwalimu akigeukia ubao, mpaka siku anaporusha ngumi. Kinachoandikwa ni ngumi. Aliyepiga anaadhibiwa, aliyetukana anahesabiwa kuwa mlalamikaji, na mwisho wa mwaka shule inatoa taarifa kwamba ubaguzi haupo. Tunaomba mlibadilishe hilo kwanza, maana mengine yote tunayoyaeleza hapa chini yanasimama juu yake.

Mkoa wetu ulijengwa na watu waliotoka mbali. Mkonge ulipoletwa mwaka 1893 na mashamba yakaenea Pangani, Muheza na Korogwe, wafanyakazi walisombwa kutoka Kigoma, Songea, Mtwara, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Wajukuu na vitukuu vyao ndio tunaowafundisha leo, na bado baadhi yao wanasakamwa kwa jina la kazi ya babu zao. Reli na biashara ya bandari zilileta familia za Kihindi. Waarabu walikuwapo pwani hii kabla ya hapo. Chogo, wilayani Handeni, wanaishi Wazigua waliorudi kutoka Somalia, ambako wazee wao walifikishwa na biashara ya utumwa ya karne ya 19. Wamepewa uraia wa Tanzania, lakini neno "wakimbizi" halijawatoka midomoni mwa wenzao. Handeni na Kilindi kuna watoto wa wafugaji wanaofika darasa la kwanza na Kimaasai pekee. Na enzi za Mwingereza shule zilitenganishwa kwa rangi, za Wazungu mbali, za Waasia mbali, za Waafrika mbali, mpaka utaratibu huo ulipofutwa baada ya Uhuru. Watoto walichanganywa kwenye madarasa mamoja. Namna ya kuishi pamoja humo ndani iliachwa ijitengeneze yenyewe.

Tunajua jibu la kwanza litakalotolewa: huo ni utani tu. Utani tunauheshimu, na kwa sababu hiyohiyo hatutaki utumike kama kichaka. Utani wa Wapare na Wachaga, kwa mfano, una masharti. Pande zote mbili zinajulikana, kila mmoja ana haki ya kujibu, na mtani aliyekucheka jana ndiye anayekuja kukusaidia msibani. Watoto 40 wakimwimbia mmoja wimbo kuhusu weusi wake hakuna sharti hata moja linalotimia hapo. Mwalimu akiwa na shaka ajiulize mambo matatu. Anayetaniwa anaweza kurudisha bila kuogopa? Wanacheka wote wawili? Akisema "basi", linakoma? Likipatikana jibu moja la hapana, tukio liandikwe.

Namna ya kuandika ndiyo yenye kazi, na hapa tunaomba mtuvumilie tuingie ndani. Kaunta buku moja kwa shule inatosha, ichorwe safu sita. Safu ya kwanza ni tarehe na mahali hasa: foleni ya bomba, nyuma ya vyoo, daladala, kipindi cha tano. Ya pili ni maneno yenyewe, neno kwa neno, hata yakiwa machafu. Ya tatu ni nani walihusika na nani walikuwapo, kwa namba zao za usajili badala ya majina. Ya nne, shule ilifanya nini siku hiyohiyo. Ya tano, mzazi wa kila upande aliarifiwa lini. Ya sita inajazwa mara mbili, baada ya wiki moja na baada ya wiki nne: mtoto aliyeumizwa anasema hali ikoje sasa. Daftari likae kabatini kwa kufuli, mikononi mwa mwalimu wa ushauri na unasihi, na mwalimu mkuu alitie saini kila Ijumaa.

Mnaweza kuona safu ya pili ni ya kupita kiasi. Siyo. Mwalimu akiandika "alimtukana mwenzake", hakuna mtu atakayejifunza chochote kutokana na mstari huo. Akiandika neno lenyewe, baada ya mwezi mmoja anayesoma ataona kwamba neno lilelile linatokea mahali palepale, tuseme foleni ya bomba kati ya saa nne na saa nne na nusu, na kwamba dawa yake ni mwalimu wa zamu kusimama pale dakika kumi. Shule inaweza kumaliza robo ya tatizo lake kwa kuhamisha mtu mmoja wakati wa mapumziko.

Mambo mawili huliua daftari la namna hii. La kwanza ni kuligeuza kuwa orodha ya kuchapwa. Watoto wakishajua kwamba anayesema anamsababishia mwenzake fimbo, hawatasema tena, na aliyetukana atatafuta kisasi njiani kurudi nyumbani ambako hakuna mwalimu. Kanuni za mwaka 2002 zimeweka ukomo wa viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa. Sisi tunaomba katika matukio ya ubaguzi fimbo isitumike kabisa, kwa sababu inahamisha huruma ya darasa kwenda kwa aliyekosa.

La pili linawahusu ninyi moja kwa moja. Shule ikianza kuandika, idadi itapanda. Itapanda muhula wa kwanza, na huenda na wa pili, kwa kuwa yaliyokuwa yanamezwa sasa yanatajwa. Ofisi ya wilaya ikiisoma idadi hiyo kama aibu, mwalimu mkuu atapata ujumbe upesi na daftari litanyamaza. Kwa hiyo kipimo chenu kisiwe idadi ya matukio. Kiwe ni matukio mangapi yamefuatiliwa mpaka wiki ya nne na safu ya sita ikajazwa. Shule ya watoto 700 inayoleta sifuri ndiyo ya kutembelewa mapema, tena bila kutoa taarifa.

Tukio lenyewe likitokea, mwalimu ana kama dakika mbili. Asimamishe maneno kwa sentensi fupi, bila hotuba: "Neno hilo hapa halitumiki. Kaa. Tutaongea baada ya kipindi." Kisha ageukie aliyeambiwa, tena kwa sauti ya chini, amuulize kama anataka kubaki darasani au kutoka kidogo na rafiki. Darasa liendelee na somo. Baadaye kila upande usikilizwe peke yake, aliyeumizwa akiwa wa kwanza. Kosa kubwa tunaloliona ni "shikaneni mikono yaishe". Mtoto aliyetukanwa asubuhi analazimishwa kusamehe kabla ya saa sita mbele ya watu wote, na aliyetukana anajifunza kwamba bei ya tusi ni kupeana mkono. Kosa la pili ni kulitangaza jambo paredi, ambapo tusi lililosikiwa na watoto kumi linarudiwa kwa kipaza sauti kwa watoto 700. Kupatana kupo, lakini kusubiri. Kufanyike pale aliyeumizwa akisema yuko tayari, na aliyekosa awe na jambo la kufanya, si la kusema tu: kurudisha alichoharibu, kukaa na mwalimu vipindi viwili vya mapumziko kujifunza alichokisema kina maana gani na kilitoka wapi. Mtoto wa darasa la pili mara nyingi anarudia neno la nyumbani asilolielewa. Wa kidato cha tatu anaelewa. Wasishughulikiwe sawasawa.

Sasa kuna ubaguzi ambao hautoki vinywani mwa watoto kabisa. Unatoka kwenye taratibu zetu, na watoto wanausoma vizuri kuliko tunavyodhani. Angalieni nani anachaguliwa kumvalisha skafu mgeni rasmi. Zoezi hili hupita haraka: mwalimu anasimama mbele ya mstari, anatazama, ananyoosha kidole, na msichana anayetolewa ni mweupe wa ngozi, mahafali haya na yale yaliyopita. Hakuna aliyesema neno baya, na wasichana 200 waliobaki mstarini wameelewa. Dawa ni zamu: orodha ya darasa, anayefuata ndiye atakayevalisha, hata kama siku hiyo anakuja Waziri. Igizo la historia ya utumwa nalo ni hivyohivyo. Mtoto mweusi kuliko wote anafungwa kamba awe mtumwa, mwenye jina la Kiarabu anapewa bakora awe mfanyabiashara, na kuanzia kesho yake hayo ndiyo majina yao. Tunaomba maigizo ya kuwafunga watoto kamba yakomeshwe moja kwa moja. Barua, ramani na mjadala vinafundisha zaidi.

Nywele zinahitaji neno la pekee. Katika baadhi ya shule, hasa zisizo za serikali, msichana mwenye nywele za kipilipili ananyolewa, na mwenzake wa Kihindi au chotara anaruhusiwa kusuka mkia, eti zake ni laini. Hiyo ni sheria ya rangi iliyoandikwa kwa lugha ya usafi. Shule iandike kipimo kimoja kwa wote. Ikiwa ni kunyoa, wanyoe wote. Ikiwa ni kufuga, wafuge wote, zifungwe nyuma na zisifike kwenye kola. Maneno "laini", "nzuri" na "ngumu" yafutwe katika sheria za shule.

Fomu za kujiunga nazo zipitiwe. Sensa ya taifa iliacha kuuliza kabila baada ya ile ya mwaka 1967, lakini ziko fomu za shule ambazo bado zina mstari wa kabila. Ufutwe. Shule inahitaji kujua mambo mawili yanayosaidia kufundisha: mtoto anaongea lugha gani nyumbani, na anatoka mtaa, kitongoji au kambi gani ya shamba la mkonge. Mstari wa dini ubaki kwa ajili ya vipindi vya dini, basi.

Kwa taarifa hizo mbili, mwalimu wa darasa anaweza kufanya ukaguzi wa saa moja kila muhula. Achukue orodha ya darasa, mbele ya kila jina aandike mtoto anakaa mstari wa ngapi, amewahi kuwa kiranja au la, ametumwa mara ngapi kuchota maji na kusafisha vyoo, ameadhibiwa mara ngapi. Kisha aangalie wanaotoka kambini, wanaotoka maboma ya wafugaji, wanaotoka mjini. Mara nyingi watoto wa kambi wamejaa mistari ya nyuma na kwenye zamu za vyoo, na hakuna aliyekusudia. Walichelewa kufika siku ya kwanza kwa sababu ya umbali, wakakuta mbele pamejaa, wakabaki nyuma mpaka Novemba. Viti vizungushwe kila wiki mbili, mstari wa nyuma uje mbele. Asibaki mtu na kiti chake isipokuwa mwenye sababu ya kuona au kusikia.

Wenye ualbino ni miongoni mwa wenye sababu hiyo, na kwao mambo ni ya wazi: kiti cha mbele kisichopigwa na jua la dirishani, maandishi makubwa, kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu kuwa sehemu halali ya sare, kivuli wakati wa paredi na michezo. Mwalimu anayemsimamisha juani "asijione tofauti" anamwunguza.

Kuhusu mtoto wa mfugaji asiyejua Kiswahili, tatizo huanza anapohesabiwa mzito. Hajui lugha, si kwamba hana akili. Akae na mwenzake anayejua lugha zote mbili kwa miezi mitatu ya kwanza, afundishwe maneno ya darasani kwa vitu halisi, na asivishwe kibao shingoni kwa kuongea Kimaasai wakati wa mapumziko. Vibao hivyo, popote vilipo, vinamfundisha kwamba mama yake anaongea makosa. Shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, zina nafasi nzuri hapa kwa kuwa ziko karibu na maboma. Pale mwalimu wa kujitolea anayejua Kimaasai akipatikana, apewe darasa la awali, si darasa la sita.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limetupa mlango, ila mlango huo unaweza kumbana mtoto vidole. Biashara ya utumwa ikifundishwa kwa sentensi moja, "Waarabu walituuza", darasa zima linageuka kumtazama mtoto mmoja. Mkoa wetu una historia kamili zaidi. Pangani ilipokea misafara, na mashamba ya miwa ya bonde lake yalilimwa na watumwa. Baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, vita vya kugombea urithi wake viliwafanya watu wa Usambara watekwe na kuuzwa, na waliowateka walikuwa watu wa hukohuko. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani zilienda Ulaya na Marekani kutengenezewa vinanda. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Wajerumani walipotawala hawakuufuta utumwa, ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza. Na Wajerumani walipokuja kuitwaa pwani, waliowapinga ni Abushiri bin Salim, mwenye asili ya Kiarabu, aliyenyongwa Pangani mwaka 1889, na Bwana Heri wa Saadani aliyekuwa na Wazigua nyuma yake. Mwanafunzi akiyapata hayo yote pamoja, hana tena sababu ya kumtafuta mkosaji kwenye dawati la jirani. Tunaomba walimu wa somo hili mkoani waandaliwe vipindi vitatu vya mfano, vikipitiwa na wathibiti ubora kabla ya kusambazwa.

Kuna na mwalimu mwenyewe. Wapo wanaoita watoto kwa makabila, "wewe Mmang'ati, simama", na wapo wanaosema kwamba watu wa sehemu fulani hisabati hawaziwezi. Mtoto hawezi kumshtaki mwalimu kwa mwalimu wa meza ya pili. Sanduku la maoni lipo shule nyingi, ila limepigiliwa mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu na ufunguo anao mwenyewe. Lihamishwe mahali watoto wanapopita wengi, karibu na maktaba au mti wa mapumziko, liwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwalimu wa unasihi, wa pili kwa mjumbe wa kamati ya shule ambaye si mwalimu. Lifunguliwe kila Alhamisi, wote wawili wakiwapo. Karatasi na penseli viwekwe hapohapo, maana mtoto akirarua daftari lake kuandika, mwandiko na karatasi vitamtambulisha. Wa darasa la kwanza na la pili wakae kwenye duara mara moja kwa wiki, dakika 20, waulizwe tu nani wiki hii alicheza peke yake. Malalamiko dhidi ya mwalimu yapelekwe kwa Afisa Elimu Kata ndani ya siku tatu. Yakijirudia, Tume ya Utumishi wa Walimu ipo kwa kazi hiyo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa utaifa, kabila, mahali alipotokea au rangi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto. Mwalimu anayefundisha uraia asiwe wa mwisho kuzijua.

Wazazi tutawagusa kwa ufupi. Kikao cha Jumatano saa tatu asubuhi kinamfungia nje mzazi wa shamba la mkonge na mzazi mwenye mifugo, halafu tunasema hawajali. Viwe Jumamosi alasiri, kimoja kwa muhula kikifanyika kambini au kitongojini kwao, na kila kambi iwe na mjumbe katika kamati ya shule au UWAWA, yaani Umoja wa Wazazi na Walimu.

Mafunzo yasiwe semina ya siku moja yenye posho na cheti. Tumieni vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vilivyopo. Kikao kimoja kwa mwezi, saa moja na nusu, walimu wasome mistari mitatu kutoka daftari la shule yao, namba za usajili zikiwa zimefunikwa, na waigize dakika zile mbili za mwanzo mpaka sentensi ziwatoke bila kufikiri. Aliyewahi kuigiza mara tano hatatafuta maneno siku ya tukio.

Tunaomba Afisa Elimu Mkoa atoe maelekezo ya maandishi kabla ya shule kufunguliwa Januari, yakiwa na mfano wa ukurasa wa daftari wenye safu sita. Halmashauri ziruhusu kaunta buku na kufuli mbili zinunuliwe kwa ruzuku ya uendeshaji, ili mkaguzi wa hesabu asije kuzihoji. Wathibiti Ubora waongeze daftari hili kwenye nyaraka wanazokagua, wakianza na safu ya sita. Na taarifa ya kwanza ya mkoa isomwe Juni, katika kikao ambacho wenyeviti wa kamati za shule wamealikwa, kila halmashauri ikitaja imefuatilia matukio mangapi mpaka wiki ya nne na mangapi yamekwama, na yamekwamia kwa nani.

Wenu katika kuwalea watoto,

Walimu, wanasihi wa shule na wajumbe wa kamati za shule
Tanga